Fundo: Tulifungue au Tulikate?

Hakuna nyumba katika mtaa wetu isiyokuwa na kamba. Iko kamba ya kisimani, kamba ya kuanikia nguo, kamba ya mbuzi, na kamba ya kufungia mzigo wa kuni au gunia la mkaa juu ya baiskeli. Palipo na kamba pana mafundo, na palipo na mafundo, siku moja patakuwa na fundo lililokataa kufunguka. Hapo ndipo watu wanapogawanyika makundi mawili. Wako wanaoketi chini na kuanza kulifinyafinya kwa vidole, na wako wanaosema, "Leteni kisu."

Jambo hili laonekana dogo mno kuandikwa katika gazeti la mtaa. Lakini mambo mengi yanayotukwama maishani yana njia hizo hizo mbili: ugomvi wa ndugu, ndoa iliyoingia matata, deni la zamani, mpaka wa shamba. Tufungue, au tukate? Na je, yule anayefungua ni mwema kuliko yule anayekata, siku zote na mahali pote? Wengi wetu tumelelewa hivyo. Tumeambiwa subira yavuta heri, na haraka haraka haina baraka. Mwezi huu twapenda kulipima fundisho hilo, nasi tutaanzia kwenye kamba yenyewe.

Fundo ni kitu gani

Fundo halina gundi wala msumari. Kinacholishika ni msuguano tu. Kamba imepita juu ya kamba, kisha chini yake, na kila sehemu yaibana sehemu nyingine. Ukivuta ncha, zile sehemu zabanana zaidi. Na kadiri zinavyobanana, ndivyo msuguano unavyoongezeka. Kwa hiyo mtu akilivuta fundo kwa hasira, hulikaza. Nguvu anazozitoa ili alifungue ndizo zinazolifunga.

Maji nayo yana kazi yake. Nyuzi za katani au za pamba zikinywa maji huvimba, na fundo lililofungwa likiwa kavu, likanyeshewa mvua usiku kucha, asubuhi huwa kama jiwe. Mwenye kujua haanzi nalo hapo hapo. Huianika kamba juani kwanza mpaka ikauke. Kamba za nailoni, kitu kilichovumbuliwa Marekani mwaka 1935, hazivimbi kama katani. Lakini kwa kuwa zateleza, watu huzifunga mafundo mawili matatu, moja juu ya jingine, na mzigo mzito ukiyavuta, yanakuwa madogo na magumu kuliko ya katani.

Basi mwenye kujua hufanyaje? Kwanza huondoa mzigo. Maadamu mbuzi anavuta upande wa pili, hakuna vidole vitakavyofungua kitu. Pili hulitazama fundo kabla ya kuligusa, akaifuata kamba kwa macho: imeingia wapi, imepita juu ya nini, imetokea wapi. Tatu, na hili ndilo watu wengi hawalijui, haivuti kamba itoke, bali huisukuma iingie. Hulikunja fundo huku na huku, hulisugua kati ya viganja, huligonga polepole kwa kipande cha mti, mpaka mahali fulani kitanzi kimoja kipate nafasi kidogo. Ikiwa vidole havitoshi, huchukua kitu chembamba kisicho na makali, kama msumari au sindano ya kushonea magunia. Mabaharia wana chuma chao chenye ncha kilichofanywa kwa kazi hiyo hasa. Nne, akipata ule ulegevu mdogo, haufurahii upesi akauvuta wote. Huupeleka kwenye kitanzi kinachofuata, kisha kwenye kile kinachofuata, mpaka ufike kwenye ncha. Hapo fundo hufunguka lenyewe.

Tulishike sana lile jambo la tatu. Fundo hufunguka kwa kupewa kamba. Mmoja wa wanaoshika ncha sharti alegeze mkono wake, arudishe kidogo katika kile alichokuwa amekwisha kukivutia kwake. Wote wawili wakisema, "Mwenzangu alegeze kwanza," fundo litabaki, nao watachoka.

Lugha yetu yasemaje

Kiswahili kina namna ya kulipindua tendo kwa mwisho wa neno: kufunga na kufungua, kukunja na kukunjua, kuziba na kuzibua. Miongoni mwa maneno hayo liko kutata na kutatua. Uzi uliotatana ni uzi ulioingiliana hata hujui mwanzo wala mwisho wake. Kutoka hapo tumepata neno tatizo, na mtu akitatua tatizo, kwa lugha yetu amefanya kazi ya mvuvi anayekaa kivulini akiondoa matata katika nyavu zake. Vivyo hivyo twasema mtu ana fundo moyoni, yaani ana kinyongo kilichokaa siku nyingi kikakaza.

Lakini lugha hiyo hiyo yajua kisu. Mtu aliyekwisha kuamua twasema amekata shauri. Hakimu hukata kesi. Mafundi, wakulima na wazee wa ukoo wote husema hivyo bila kuona aibu, kwa sababu wanajua kuwa liko shauri ambalo lisipokatwa halina mwisho. Na tena twasema kukata tamaa, jambo ambalo hakuna anayelisifu. Hivyo wazee waliotuachia maneno haya hawakutuambia kwamba kukata ni dhambi. Walituachia kazi ya kupambanua.

Aleksanda na gari la ng'ombe

Hadithi inayojulikana kuliko zote juu ya fundo ni ile ya mji wa Gordion, katika nchi ya Frigia, ambayo leo ni sehemu ya Uturuki. Aleksanda Mkuu wa Makedonia alifika huko mwaka 333 kabla ya Kristo. Katika mji huo palikuwa na gari la kale la ng'ombe, na nira yake ilikuwa imefungwa kwenye mti wa gari kwa kamba ya magome, kwa fundo ambalo ncha zake hazikuonekana. Watu walisema kwamba atakayelifungua atatawala Asia. Kwa habari inayosimuliwa na wengi, Aleksanda alichomoa upanga akalikata. Tangu hapo watu wa mataifa mengi husifu kitendo kile, wakisema: huyo ndiye mtu wa vitendo.

Lakini waandishi wa kale, Arrian na Plutarch, wametuhifadhia na habari nyingine. Wanasema kwamba Aristobulus, aliyekuwa pamoja na Aleksanda katika safari zake, alieleza jambo hilo kwa namna tofauti. Kwa maelezo yake, Aleksanda hakukata kitu. Aliutazama mti wa gari, akauona mpingo mdogo wa mti uliopita katikati ukishikilia lile fundo, akauchomoa. Na ulipotoka, kamba ikalegea, nira ikatoka.

Hatuwezi sisi kuamua ni ipi iliyo kweli. Twaona tu kwamba dunia imeipenda ile ya upanga na kuisahau ile ya mpingo. Ya upanga yatusifia nguvu. Ile ya pili yatutaka tuulize swali: ni kitu gani kinacholishikilia fundo hili? Mara nyingi kitu hicho ni kidogo, na hakiko mahali tunapovuta. Ndugu wawili wagombanapo miaka kumi juu ya minazi sita ya marehemu baba yao, yawezekana mpingo si minazi. Yawezekana ni neno moja lililosemwa siku ya mazishi. Neno hilo likitajwa na kuombewa radhi, minazi yagawanyika kwa saa moja.

Hasara ya kisu

Kabla ya kukata ni vema kujua gharama yake. Akina mama wa pwani wanaosokota kamba za usumba wanaijua vizuri. Makumbi hufukiwa katika mchanga au matope ya ufukoni kwa miezi kadhaa hata yaoze, kisha hufukuliwa, hupondwa, huoshwa, hukaushwa, ndipo yasokotwe uzi kwa uzi kwenye viganja. Anayeikata kamba ile kwa sekunde moja amekata kazi ya miezi.

Tena kamba iliyokatwa haiwi kama zamani. Imekuwa fupi, na ukitaka kuiunga, utaiunga kwa fundo jingine. Fundo la kawaida laweza kuipunguzia kamba karibu nusu ya nguvu zake, na kamba yenye fundo ikizidiwa na mzigo hukatika karibu na fundo lile. Basi aliyekata fundo moja ili kuokoa muda, mara nyingi amelazimika kufunga la pili lililo baya zaidi. Ndivyo ilivyo kwa ukoo uliokatana kwa barua ya wakili, na kwa marafiki waliokatana kwa neno moja la ukali. Wanaweza kuungwa tena, lakini mahali pale patabaki na uvimbe, na kila mzigo ukija utapaelemea.

Wa kusini walivyofungua

Huenda mtu atasema kwamba watu si kamba. Basi na tuwatazame jirani zetu wa Msumbiji. Vita baina ya serikali ya FRELIMO na RENAMO vilianza mwaka 1977, na kwa miaka mingi kila upande ulitumaini kulimaliza jambo kwa silaha. Kila walipovuta, fundo lilikaza, na waliobanwa ndani yake walikuwa wanakijiji.

Viongozi wa makanisa walijaribu njia nyingine. Miongoni mwao alikuwamo Dinis Sengulane, Askofu wa Kanisa letu katika Dayosisi ya Lebombo tangu 1976 hadi 2014. Mwaka 1989 viongozi wa makanisa walikutana na wakuu wa RENAMO mjini Nairobi, wakati ambapo wengi waliona ni aibu hata kuzungumza nao. Mwezi wa Julai 1990 mazungumzo rasmi yakaanza mjini Roma, katika nyumba ya jumuiya ya Sant'Egidio. Yalichukua miaka miwili na zaidi. Tarehe 4 Oktoba 1992 Rais Joaquim Chissano na Afonso Dhlakama wakatia sahihi mkataba wa amani.

Angalieni ilivyokuwa. Serikali ilikubali kuketi na watu iliokuwa ikiwaita majambazi, ikakubali pia vyama vingi. RENAMO nayo ilikubali kuiheshimu dola na kutafuta madaraka kwa kura, na uchaguzi ukafanyika Oktoba 1994. Kila upande ulirudisha sehemu ya kamba yake. Mwaka 1995 Baraza la Kikristo la nchi hiyo, likiongozwa na fikira za Askofu Sengulane, lilianza kukusanya bunduki na kuwapa watu majembe, cherehani na baiskeli badala yake. Kazi ile ilikuwa sawa na kuupeleka ulegevu kwenye kitanzi kinachofuata.

Na wala tusidanganyane kwamba kila kitu kilikwisha siku ile. Mwaka 2013 mapigano yalirudi baina ya pande hizo hizo, na mkataba mwingine ulitiwa sahihi mwaka 2019. Fundo lililolegezwa likaachwa njiani, mzigo ukirudi hukaza tena. Lakini watu waliozaliwa na kulelewa katika miaka ile ya amani katikati ni wengi, nao hawangependa kuambiwa kwamba kazi ile ilikuwa bure.

Subira ya nani?

Mpaka hapa twaonekana kusifu vidole na kulaumu kisu. Sasa twafika mahali pagumu.

Wengi wetu tumewahi kusimama, au tumewasikia waliosimama, katika Kanisa Kuu la Kristo, Mkunazini, Unguja. Kanisa lile limejengwa mahali palipokuwa na soko la watumwa. Mwezi wa Juni 1873 Sultani Barghash, kwa kushurutishwa na Waingereza, alitia sahihi mkataba wa kuyafunga masoko ya watumwa na kukataza biashara hiyo baharini. Jiwe la msingi la kanisa liliwekwa Sikukuu ya Krismasi mwaka ule ule, na Askofu Edward Steere ndiye aliyeisimamia kazi ya ujenzi. Soko lilikatwa kwa kisu. Hakuna aliyeketi kulifinyafinya kwa vidole, na hakuna Mkristo hata mmoja leo anayesema kwamba ilikuwa haraka isiyo na baraka.

Lakini utumwa wenyewe haukuisha pamoja na soko. Waliokwisha kumilikiwa waliendelea kumilikiwa kwa sheria miaka 24 zaidi. Mwaka 1897 amri mpya ilitolewa Unguja, na amri ile ilikuwa ya vidole. Mtumwa aliyetaka uhuru alipaswa kwenda mwenyewe mahakamani kuuomba. Bwana wake alilipwa fidia. Aliyepewa uhuru aliweza kutakiwa aonyeshe atakapokaa na atakavyojipatia riziki. Masuria hawakuhesabiwa katika amri ile. Wao walingoja mpaka mwaka 1909. Huku bara, Tanganyika, sheria ya kuukomesha utumwa ilikuja mwaka 1922.

Waliopanga utaratibu ule hawakukosa sababu. Walisema mashamba ya karafuu yataharibika, hazina itapungua, watu watatangatanga mjini bila kazi. Walisema mambo yaende polepole, yasije yakavunjika. Maneno yao yalifanana sana na maneno yetu ya hapo juu juu ya fundo. Lakini na tuulize: subira ile ilikuwa ya nani? Haikuwa subira yao, kwa kuwa shingo zao hazikuwamo katika kitanzi. Walitumia subira ya watu wengine bila kuwaomba ruhusa. Msichana aliyezaliwa utumwani mwaka soko lilipofungwa, akafanywa suria, angekuwa na umri wa miaka 36 sheria ilipomfikia. Hakuna fidia iliyohesabiwa kwa miaka hiyo.

Hapo ndipo twaiona tofauti. Mbuzi aliyejizungusha mtini hata kamba ikamkaba koo hangojei kamba ikauke juani. Mwenye mbuzi akianza kusema habari za bei ya kamba, tutamshangaa. Kamba ni mali, na mbuzi anakufa. Subira ni tunda jema likitoka kwa yule anayeumia, au kwa yule anayekubali kuumia pamoja naye. Mtu asiyeumia akimwagiza anayeumia awe na subira, hilo si tunda tena. Ni mzigo anaomtwika mwenzake.

Neno hili latuhusu sisi wa mtaa huu leo, wala si masultani wa zamani peke yao. Mara ngapi mama aliyepigwa na mumewe amekuja kwa wazee, uso umevimba, naye akaambiwa, "Vumilia, mwanangu, ndoa ni subira"? Mara ngapi mtoto anayeteswa katika nyumba ya jamaa amerudishwa nyumba ile ile, ili ukoo usiaibike? Wanaotoa shauri hilo hudhani wanafungua fundo. Kwa kweli wanamrudisha mtu kitanzini, kisha wanakwenda kula chakula cha jioni kwao. Hapo kisu ndicho kilicho cha upendo: atolewe kwanza, apate mahali pa kulala salama, jeraha lake liangaliwe, na mambo yanayopasa kupelekwa kwa vyombo vya sheria yapelekwe. Kufungua, ikiwa kupo, kutafuata baadaye, mtu akiwa nje ya kamba.

Na aliyekatiwa kamba asiachwe kama kwamba kazi imekwisha. Misheni ilijua hilo ilipowapa watumwa waliookolewa makao huko Mbweni, mashamba na shule. Shingo iliyokatiwa kitanzi bado ina alama. Anayeshika kisu ajiandae pia kushika dawa.

Maswali matatu

Kwa hiyo, ndugu wapenzi, hatuwezi kutoa kanuni moja ya siku zote. Lakini twaweza kujiuliza maswali matatu kabla ya kunyosha mkono.

La kwanza: ni nani aliyemo ndani ya fundo? Ikiwa ni mali tu, au heshima zetu, au mipango yetu, tuna nafasi ya kuketi. Ikiwa ni pumzi ya mtu, hatuna.

La pili: ni nani anayeshika ncha? Ikiwa sisi ni mmojawapo wa wanaovuta, basi kazi yetu ya kwanza ni kulegeza mkono wetu, kabla ya kumtafuta wa kulaumiwa. Na ikiwa ncha zote mbili zimeshikwa na mwenye nguvu, na mnyonge yumo katikati tu, tusiseme kwamba "pande zote mbili zilegeze". Mnyonge hana cha kulegeza.

La tatu: kamba hii itahitajiwa kesho? Kamba ya undugu itahitajiwa. Mtaa mmoja, kisima kimoja, makaburi mamoja; tutaonana tu. Lakini ziko kamba ambazo afadhali zisiwepo kabisa, kama mkopo wa riba isiyokwisha, au urafiki unaomvuta kijana kwenye wizi. Hizo zikikatwa hakuna kilichopotea.

Maandiko nayo hayakutupa kifaa kimoja. Nabii Isaya, katika sura ya 58, anaposema juu ya mfungo unaompendeza Mungu, ametaja kufungua, ametaja kulegeza, na papo hapo ametaja kuvunja. Katika Matendo ya Mitume, sura ya 27, merikebu yenye watu 276 ilipokuwa hatarini, mabaharia walitaka kutoroka kwa mashua ndogo. Askari walizikata kamba za mashua ile, ikaanguka baharini. Kamba zilipotea, mashua ikapotea, lakini watu wote wakafika nchi kavu. Kile kisu hakikumtenga mtu na mwenzake. Kiliwaweka wote pamoja.

Wafungaji nasi

Tumesema sana juu ya kufungua, na karibu tusahau kwamba kila fundo lilifungwa na mtu. Clifford Ashley, mchoraji wa Marekani aliyejua sana kazi za mabaharia, alitoa kitabu mwaka 1944 chenye mafundo zaidi ya 3,800. Baharia hulipima fundo kwa mambo mawili: linashika wakati wa kazi, na linafunguka kazi ikiisha. Lisiloshika halifai. Lisilofunguka nalo halifai, hata likiwa imara namna gani.

Tungefanya vema kuyapima maagano yetu hivyo. Anayekopesha ndugu yake fedha na aandike kiasi na siku, mbele ya shahidi, ili baadaye wasifungwe na kumbukumbu mbili zinazopingana. Mwenye shamba na watoto na aseme akiwa hai ni nini cha nani, asiwaachie fundo lenye mvua juu yake. Wanaopanga mahari wasiweke sharti ambalo litawabana maarusi miaka ishirini. Fundo zuri ni la mtu aliyemfikiria yule atakayelifungua, ambaye huenda hakuwapo siku ya kufunga.

Libaki fundo la moyoni, lile la kinyongo. Hilo ni la ajabu kidogo, kwa kuwa mara nyingi mwenye nalo ameshika ncha zote mbili mwenyewe. Yule aliyemkosea amekwisha kusahau, au amehama, au amekufa. Kisu hakifiki mahali pale. Vidole vyake mwenyewe navyo, kama mjuavyo, havifiki vizuri; mtu hawezi kufungua kwa urahisi fundo lililo mgongoni mwake. Anahitaji mwenzake.

Katika habari za Lazaro, Bwana wetu ndiye aliyemwita atoke kaburini, naye akatoka akiwa amefungwa sanda mikono na miguu. Kazi ya kumwondolea vile vitambaa aliwaachia watu waliokuwa wamesimama pale. Aliyeweza kumpa mtu uhai bila shaka aliweza kufungua na vitambaa, lakini aliwaagiza jirani. Basi tumwombe Mungu atupe macho ya kujua ni nani kati yetu amesimama hivyo, amefungwa, akingoja. Na tukimwona, tusibishane mlangoni ni vidole au ni kisu mpaka usiku uingie. Tumkaribie kwanza.